Tathmini ya eCitizen kutoka Mombasa: foleni imepungua, kaunta imehamia saiba

Nianze na uamuzi wangu, kwa sababu msomaji wa tathmini huutafuta huo kwanza. eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya ya kuombea na kulipia huduma za umma, ni huduma nzuri, tena inapita kwa mbali chochote tulichokuwa nacho kabla yake, kwa mtu aliye na kitambulisho cha taifa, simu yenye laini ya jina lake, barua pepe anayoifungua mwenyewe na Kiingereza cha kumwezesha kujaza fomu bila kuuliza. Kwa mkaazi wa Mombasa aliyepungukiwa na kimoja kati ya hivyo vinne, huduma hiyo hiyo hugeuka kuwa kitu kingine kabisa, na anayemhudumia huwa si serikali tena bali ni kijana wa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti la mtaani. Nitaupima mfumo huu kwa pengo hilo zaidi kuliko kwa jambo lingine lolote, kwa kuwa wanaotangaza idadi ya huduma zilizowekwa mtandaoni huligusa kwa nadra.

Mfumo ulianza mwaka 2014, miezi michache tu baada ya mpango wa Huduma Kenya, unaokusanya huduma za serikali mahali pamoja, kufungua kituo chake cha kwanza katika jengo la Posta jijini Nairobi, Novemba 2013. Kwa miaka kadhaa ulikuwa na huduma chache zilizojulikana na kila mtu: pasipoti, leseni ya udereva, usajili wa biashara, ndoa. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwa mpigo pamoja na programu ya simu iitwayo Gava Mkononi, na tangu hapo idadi inayotajwa na serikali imepita 20,000. Idadi hiyo hainiambii mengi. Mtu wa Kisauni au Changamwe hahitaji huduma elfu ishirini. Katika maisha yake yote atahitaji labda kumi, na anachotaka kujua ni kama hizo kumi zinafika mwisho.

Sifa za kweli nazo zitajwe bila kinyongo. Kwa watu wa Pwani, faida kubwa ya eCitizen ni kwamba imeiondolea Nairobi umuhimu wake. Zamani, mtu aliyetaka kusajili kampuni au kutafuta rekodi ya kampuni ya mwenzake alilazimika kupanda basi la usiku, kusafiri karibu kilomita 480, kufika Sheria House, ilikokuwa ofisi ya usajili wa kampuni, asubuhi akiwa na macho mekundu, na pengine kuambiwa kwamba faili halionekani, arudi Jumatatu. Leo jina la biashara husajiliwa kwa shilingi 950 mtu akiwa ameketi dukani kwake Marikiti, na cheti hupakuliwa pasipo kumwona afisa yeyote. Wakala wa forodha, fundi wa samani, mama anayetaka kuuza viungo kwa hoteli na ambaye hoteli inamdai cheti kabla ya kumlipa, wote wamepata nafuu ambayo hakuna aliyewahi kuwapa kabla. Jambo la pili ni fedha taslimu. Malipo yakishapita kwa simu kwenye namba ya malipo ya serikali, 222222, na risiti ikatoka na namba yake, ile nafasi ya karani kuchelewesha jambo hadi kiganja chake kipate joto imepungua sana. Sisemi imekwisha. Imepungua, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia jambo katika ofisi za serikali miaka ya tisini anajua tofauti hiyo ina thamani gani.

Lakini huduma ya mtandaoni hupimwa pale inapoacha kuwa ya mtandaoni. Chukua cheti cha tabia njema, ambacho hapa Mombasa hakikosi wateja kwa kuwa hudaiwa na mawakala wa kazi za Saudi Arabia na Qatar, na kampuni za ulinzi, na hata hoteli za Nyali na Diani. Mwombaji huingia kwenye akaunti yake, huchagua huduma ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, hulipa shilingi 1,050, kisha huchapisha fomu ya C24, ile ya alama za vidole, pande zote mbili za karatasi moja. Hapo mtandao humwachilia. Karatasi ile lazima aipeleke kwa mkono mahali pa kuchukuliwa alama za vidole, ambapo kwa kawaida afisa husambaza wino mweusi kwa rola, hushika kidole kimoja baada ya kingine na kukibiringisha taratibu kutoka upande huu wa kucha hadi upande ule, mkono wa kulia kwanza kisha wa kushoto, halafu vidole vinne kwa pamoja. Mvuvi au mchonga mawe ambaye ngozi ya vidole vyake imelika kwa kazi hurudiwa mara mbili au tatu mpaka mistari ionekane. Baadaye mwombaji hutoka nje akitafuta bomba na sabuni, na hatima ya ombi lake inategemea rekodi zilizoko makao makuu ya idara, Nairobi. Mtandao humrudia mwishoni kabisa, ujumbe mfupi unapoingia na cheti kikawa tayari kupakuliwa. Kichwa na mkia ni vya kidijitali, kiwiliwili ni karatasi na wino. Sioni aibu katika hilo, nchi nyingi zilianzia hapo. Kinachonisumbua ni kwamba mwananchi huelezwa habari za kichwa na mkia tu, kisha hushangaa anapoambiwa aje mwenyewe.

Pasipoti ilionyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 2023 maombi yaliingia mtandaoni bila shida, na malipo yakapokelewa vizuri, ilhali nyuma ya pazia vitabu vya pasipoti na mashine za kuchapia havikutosha, mpaka Wizara ya Usalama wa Ndani ikakiri hadharani kuwepo kwa mrundiko mkubwa na mashine zilizochakaa. Vijana wa Pwani waliokuwa na mikataba ya kazi Ghuba walizunguka baina ya ofisi za Uhamiaji kwenye jengo la Uhuru na Kazi na nyumbani wakiwa na risiti iliyokamilika na mkono mtupu. Tovuti nzuri haiwezi kuchapisha kitabu ambacho karatasi yake haijanunuliwa. Mrundiko ule baadaye ulishughulikiwa, ila funzo lake kwa wanaojenga mifumo ya aina hii lilikuwa wazi: fedha za kununua mashine na kuajiri watu wa nyuma ya kaunta huhitajika kabla ya fedha za kupamba ukurasa wa mbele.

Sasa nije kwenye saiba, ambako ndiko eCitizen inakoishi kwa watu wengi wa mitaa yetu. Ninayoifahamu zaidi, na ambayo sitaitaja jina, iko kwenye uchochoro wa Majengo, baina ya duka la vipuri vya pikipiki na mwanamke anayeuza mbaazi na mahamri. Ina kompyuta nne, moja imekufa, na mashine ya kunakili ambayo haipumziki. Nilikuwa hapo bi mkubwa mmoja alipoingia kutaka pasipoti mpya kwa ajili ya umra. Kijana akaandika namba ya kitambulisho chake, na mfumo ukajibu kwamba akaunti ipo tayari.

"Bi mkubwa, wewe ulishafunguliwa akaunti zamani. Zile namba za kuthibitisha zitakwenda kwa simu inayoishia na sita tatu. Hiyo ni yako?"

"Si yangu hiyo, mwanangu. Hiyo ni ya kijana wangu wa mwisho, yuko Doha."

"Basi mpigie atusomee."

"Saa hizi yuko kazini, simu zao huwekwa kabatini mpaka watoke."

Bi mkubwa akakirudisha kitambulisho chake kwenye pochi, akaambiwa arudi baada ya Isha. Hakuna aliyemkosea katika mazungumzo hayo. Kijana alikuwa mpole, naye mwana wa Doha alimfungulia mama yake akaunti kwa nia njema kabla ya kusafiri. Kosa lipo kwenye dhana iliyojengewa mfumo mzima, kwamba kila raia ana simu yake, barua pepe yake na faragha yake, wakati katika nyumba nyingi za Majengo, Bondeni au Mtongwe simu yenye intaneti ni moja na anayeijua kuitumia ni mmoja.

Karibu na kompyuta ya kwanza kuna daftari kubwa la jalada gumu. Ndani yake, kwa kalamu ya buluu na mwandiko safi, yamepangwa majina ya wateja, namba za vitambulisho, barua pepe ambazo kijana mwenyewe aliwafungulia, na maneno yao ya siri. Nilipomuuliza, alinijibu bila kuficha kwamba wateja husahau, na wakisahau humlaumu yeye. Ni jibu la mtu anayejali kazi yake. Hata hivyo, daftari lile lina uwezo wa kuomba pasipoti, kuhamisha umiliki wa gari na kufungua biashara kwa majina ya watu wa mtaa mzima, nalo hulala kwenye droo isiyo na kufuli. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ina Kamishna wa Data tangu Novemba 2020. Lakini kanuni za usajili zinazotokana na sheria hiyo huwaondolea sharti la kujisajili wafanyabiashara wadogo wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, isipokuwa wale wa sekta chache zilizotajwa. Msamaha huo una mantiki kwa muuza viatu. Kwa saiba maana yake ni kwamba mtu anayeshika data nyingi za serikali kuliko karani yeyote wa mtaani ndiye asiyejulikana na mdhibiti, ingawa wajibu wa kuilinda data hiyo kisheria unabaki mabegani mwake bila yeye kuambiwa.

Malipo ya saiba nayo ni sehemu ya bei ya huduma, ingawa hayaonekani kwenye risiti yoyote ya serikali. Hukadiriwa kwa ugumu wa kazi, na wakati mwingine kwa uso wa mteja. Juu yake kuna ada ya shilingi 50 ambayo mfumo wenyewe hutoza. Shilingi hamsini kwenye malipo ya elfu kadhaa haimshtui mtu. Kwenye malipo madogo yanayorudiwa ni kodi nyingine. Serikali ilipotaka mwaka 2024 karo za shule za kitaifa zipitie humo, jambo hilo lilifikishwa mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo na kuikosoa pia ada yenyewe. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa upande wake zimehoji mara kadhaa ni nani hasa anayeudhibiti mfumo ambao ulijengwa na kampuni binafsi. Swali hilo si la wahasibu pekee. Njia zote za kuingia serikalini zikifanywa njia moja, anayeishikilia njia hiyo ajulikane kwa jina na kwa mkataba.

Hatari ya njia moja tuliiona Julai 2023, wiki chache tu baada ya uzinduzi ule wa huduma 5,000. Kundi lililojiita Anonymous Sudan liliuelemea mfumo kwa maombi bandia mpaka ukalala, na Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, akathibitisha shambulio huku akisema hakuna data iliyopotea. Kwetu Mombasa athari iliyoonekana haraka ni tiketi za treni ya Nairobi, ambazo watu walishazoea kuzinunua kwa simu kabla ya kufunga safari ya Miritini. Oktoba 2024 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Sijaridhika bado na jibu la swali dogo lililobaki: mfumo ukilala tena, afisa wa kaunta ana daftari gani la kuandikia?

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi, maana hoja yenyewe ni fupi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini fomu nyingi ambazo mwananchi hukutana nazo ndani ya eCitizen na maelezo yake ya kina ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Wafanyabiashara wetu wanaovuka Lunga Lunga kwenda Tanga wanajua kwamba upande wa pili inawezekana kufanya vinginevyo: mifumo ya serikali ya Tanzania humpa mtu Kiswahili kama chaguo la kawaida, na tangu mwaka 2017 malipo yake hupita kwa namba moja ya kumbukumbu inayokubaliwa na benki na mitandao ya simu. Tanzania ina kero zake pia, na Watanzania huzieleza vizuri kuliko mimi. Hili moja wamelipatia, na halina gharama kubwa ya kuiga.

Kuna walio nje ya mlango kabisa. Akaunti ya raia hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho inayolinganishwa na rejista ya watu, na hapa Pwani kitambulisho chenyewe kimekuwa na historia ndefu. Wamakonde wa Kwale walilazimika kuandamana kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa raia, na Wapemba, wengi wao wavuvi waliozaliwa na kuzikwa katika pwani hii, wakasubiri mpaka 2023. Wakati huo huo kitambulisho kilichokusudiwa kurahisisha mambo, Huduma Namba, kilisajili mamilioni ya watu mwaka 2019 kisha Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba utoaji wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Mtu akiniuliza kwa nini wazee wa Pwani hukunja uso wakisikia usajili mpya, humwambia ahesabu ni mara ngapi walisajiliwa.

Sehemu ninayoipa alama za juu ni ile isiyojisifu kuwa ya kidijitali. Huduma Centre ya Mombasa, ndani ya jengo la Posta kwenye barabara ya Digo, imefanya kazi ambayo tovuti haiwezi. Mtu huingia, huelekezwa, hupewa namba, hukaa kitini, huitwa. Anaweza kuuliza swali lisilomo kwenye orodha ya maswali, na anajibiwa kwa Kiswahili. Umoja wa Mataifa uliupa mpango wa Huduma Kenya tuzo ya utumishi wa umma mwaka 2015, na nadhani ulistahili. Upungufu wake ni umbali: mtu wa Likoni lazima avuke feri, na mama mwenye mtoto mgongoni kutoka Jomvu hulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya muhuri mmoja. Kaunti ina wadi 30. Serikali imeahidi kitovu cha kidijitali katika kila wadi, 1,450 nchini kote, na laiti vichache tu kati ya hivyo vingepewa afisa mmoja wa Huduma mwenye kiapo, kompyuta inayofanya kazi na saa za jioni, daftari la Majengo lisingehitajika. Nyaya za chini ya bahari zilizoiletea Kenya intaneti ya kasi, TEAMS na SEACOM mwaka 2009 na nyingine baada yake, zilitua hapa hapa kisiwani na pwani yake. Ni kichekesho kidogo kwamba bado tunanunua bando la siku moja ili tumalize fomu.

Wala siombi saiba zifungwe. Zikifungwa leo, nusu ya mitaa yetu itakatika na serikali. Nataka mfumo umtambue msaidizi kuwa msaidizi: aingie kwa jina lake mwenyewe, mteja amruhusu kwa kazi moja iliyotajwa, ruhusa iishe kazi inapoisha, na jina la msaidizi libaki kwenye kumbukumbu. Kijana wa Majengo angesajiliwa, angefunzwa kwa siku chache, angeandikiwa bei ukutani. Naye nilipomwambia wazo hili alilipenda, isipokuwa habari ya bei ukutani.

Kwa anayekusudia kuitumia eCitizen wiki hii: fungua barua pepe yako kwanza, kabla hujaenda popote, na uhakikishe laini iliyosajiliwa kwenye akaunti ni ile uliyonayo mfukoni. Ukimfungulia mzazi, weka namba ambayo haisafiri. Lipa mwenyewe kutoka simu yako ili risiti ije kwako, na usiache picha ya kitambulisho kwenye kompyuta ya watu. Subiri uone imefutwa. Fomu ya C24 ichapishwe karatasi moja pande mbili, maana wengi hurudishwa kwa kuleta mbili. Na ukienda barabara ya Digo, nenda mapema, kabla ya kiyoyozi kuzidiwa.